Kusi la Kipupwe kwa Chombo cha Watu Wawili: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanandoa wenye mashua ndogo za tanga wanaotaka kutembea pwani kati ya Juni na Agosti. Ni msimu mzuri: masika yamekwisha, jua halichomi na upepo haukosekani. Lakini ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na safari iliyopangwa kwa kutazama likizo peke yake, bila kutazama kusi na mwezi, huishia kwa watu kuchoka na matanga kuchanika. Katika majibu haya noti 1 ni mwendo wa maili 1 ya bahari kwa saa, yaani kilomita 1.85.

Tuna mashua ya faibaglasi ya mita 9.5, inazama mita 1.6 majini, injini ya dizeli ya nguvu za farasi 18. Tuna likizo ya wiki tatu Julai. Tunataka kutoka Tanga hadi Kilwa na kurudi, mimi na mke wangu tu. Inawezekana? (Msomaji, Tanga)

Ndugu msomaji, Kilwa iacheni kwa Julai. Isogezeni hadi Septemba au Oktoba, wakati wa demani, kusi likiwa limelegea. Sababu ni hesabu tu. Katikati ya kipupwe kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, mchana noti 15 hadi 20, na siku nyingine zaidi. Pamoja nalo kuna mkondo wa bahari unaopanda kaskazini mwaka mzima kutoka upande wa Mtwara, na wakati wa kusi ndipo unapopata nguvu: noti 2 ni jambo la kawaida nje ya mafungu (miamba na mchanga ulio karibu na uso wa maji), na mahali pengine hufika 4. Mashua yenu ikibisha (ikienda zigizaga dhidi ya upepo) itakwenda noti 5, lakini kwa pembe ya nyuzi 50 kutoka upepo unakotoka, kwa hiyo faida yake kuelekea kusini ni noti 3.2. Toeni nusu noti kwa kusukumwa upande upepo unakoelekea na kupigwa na mawimbi, toeni mkondo wa noti 1.5 hadi 2, mnabaki na noti 1. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama maili 110. Ni siku nne na nusu, usiku na mchana, watu wawili wakipokezana usukani, na Kilwa bado iko maili 130 mbele.

Kwa wiki tatu hizo upo mzunguko unaofaa. Shukeni polepole mkiipapasa pwani ya bara: Tanga hadi Pangani, kama maili 25, Pangani hadi Saadani, karibu 40, Saadani hadi Bagamoyo, kama 25. Toka Bagamoyo vukeni kwenda Unguja mjini, maili 25 nyingine, kusi likiwa ubavuni. Kisha pandeni Nungwi (maili 30), Mkoani kule Pemba (30), na mrudi Tanga (kama 37) upepo ukiwa mgongoni. Nusu ya kwanza ni kazi, nusu ya pili mnachukuliwa.

Nusu ya kwanza inategemea umande, yaani upepo mwanana wa usiku wa kutoka nchi kavu. Usiku nchi kavu hupoa kuliko bahari, na karibu na bara kusi hulegea na kugeukia kusini-magharibi, tangu kama saa 8 usiku hadi saa 3 asubuhi. Bahari nayo hutulia. Karibu na ufuko mkondo una nguvu ndogo kuliko nje. Basi ng'oeni nanga Tanga saa 9 usiku, tanga kuu juu, injini ikisaidia kwa mzunguko wa wastani, na saa 3 asubuhi mko Pangani kabla kusi halijaamka. Kwa kipande cha Saadani, ambacho ni kirefu, ondokeni saa 6 usiku. Injini ya ukubwa huo hunywa kama lita 2 kwa saa katika mwendo huo. Kushuka kote ni takriban saa 20 za injini, yaani lita 40. Chukueni 60.

Angalieni mwezi kabla ya kuchagua siku. Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga, na chombo kinachozama mita 1.6 kiingie saa moja kabla ya maji kujaa, si maji yakishuka, kwa sababu maji ya mto yakitoka na kukutana na kusi hutengeneza mawimbi mafupi yanayovunjika mlangoni. Sasa, katika pwani hii maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hujaa mnamo saa 10 na kupwa mnamo saa 4, mchana na usiku. Ya maji mafu (maji madogo ya nusu mwezi) ni kinyume chake: hujaa karibu na saa 4. Mkisafiri kwenye maji mafu, saa 3 asubuhi mnafika Pangani saa moja kabla ya maji kujaa, sawasawa na mlivyotaka. Mkisafiri kwenye bamvua, mnafika maji yamekwenda na mtakaa nje mkiyumba hadi alasiri.

Saadani na Bagamoyo hazina kinga. Chini ni matope na mchanga, nanga hushika vizuri, lakini alasiri kusi huwa limepita upana wote wa mlango wa Unguja, na mashua italala ikitikisika. Ufuko ni tambarare sana, maji yakipwa huenda mbali. Pale Bagamoyo tieni nanga mbali na ufuko, mahali penye mita 4 maji yakiwa yamekupwa, hata kama ni mwendo mrefu kwa kidau. Mkikaribia Unguja msikate njia mkielekea mjini moja kwa moja. Mafungu ya Pange na Bawe yako hapo magharibi, fuateni mlango uliochorwa kwenye ramani.

Jambo moja la usiku ambalo ramani haisemi: wavuvi. Ngalawa nyingi hazina taa, na jarife (wavu mkubwa) hutandazwa usiku likishikiliwa na maboya ya chupa za plastiki. Mmoja akae mbele na tochi kali. Wavu ukinasa kwenye parapela (pangaboi la injini), zimeni injini, msirudishe nyuma, maana kamba itazidi kujiviringa. Subirini mwanga, mkate kwa kisu cha meno.

Jirani yetu alitoka Nungwi kwenda Mkoani akaelekeza omo (mbele ya chombo) Mkoani tangu mwanzo. Alijikuta mbali upande wa magharibi, akahangaika kurudi. Dira yake ni nzima. Kosa lilikuwa wapi? (Msomaji, Nungwi)

Dira ilisema kweli. Ilionyesha omo unakotazama. Haikuonyesha chombo kinakokwenda. Kati ya Unguja na Pemba bahari imefunguka, na mkondo unapita hapo ukielekea kaskazini.

Tufanye hesabu yake. Kutoka Nungwi hadi Mkoani ni maili 30 kwa uelekeo wa nyuzi 042. Tuseme mkondo ni noti 2 kuelekea kaskazini kamili, na mashua inakwenda noti 5. Sehemu ya mkondo inayosukuma chombo nje ya njia, kushoto, ni noti 1.3, sehemu inayosaidia mbele ni noti 1.5. Aliyeelekeza omo kwenye 042 muda wote atatumia saa 4 na nusu na zaidi kidogo, na kwa muda huo atakuwa ameshaachana na njia kwa maili 6. Kibaya zaidi, maili hizo 6 ziko kushoto mwa njia, upande ambao kurudi ni kubisha dhidi ya kusi na mkondo kwa pamoja.

Kanuni ya kukadiria: chukua noti zinazosukuma ubavuni, zidisha kwa 60, gawanya kwa mwendo wa chombo. Hapa ni 1.3 × 60 ÷ 5, karibu nyuzi 16. Basi omo uelekezwe 058 na si 042. (Nyuzi hizi ni za kaskazini ya kweli, geuza kwa tofauti ya sumaku iliyoandikwa kwenye waridi ya dira katika ramani yako.) Utakwenda ukionekana kama unatazama mbali kulia mwa Mkoani, na ardhi ikisogea ubavuni kwa namna inayokera macho, lakini ndivyo inavyotakiwa.

Mkondo haukai na nguvu moja siku nzima. Kila nusu saa linganisha namba mbili: omo unakotazama kwenye dira, na njia ambayo chombo kinapita kweli kwenye GPS. Ukikosea, kosea kulia. Kwenda na kusi maili mbili ni nusu saa. Kwenda dhidi yake maili hizo hizo ni asubuhi nzima.

Mume wangu husema tanga linapunguzwa pale upepo unapozidi. Mimi naona kila mara tunachelewa, tunapambana na kamba huku chombo kimelala. Nani yuko sahihi? (Msomaji wa kike, Mombasa)

Dada, uko sahihi, na hasa kwa chombo cha watu wawili. Mtu mmoja yuko kwenye usukani, kwa hiyo kazi yote ya tanga ni ya mtu mmoja aliyebaki.

Tatizo la kungoja ni kwamba ukienda na upepo hauuhisi. Upepo wa noti 18 ukiwa mgongoni, na chombo kikikimbia noti 6, usoni unahisi noti 12 tu. Kahawa haimwagiki, kila mtu anafurahi. Sasa boya la mtego linatokea mbele, mnageuza kuelekea joshi (upande upepo unakotoka), na ghafla upepo juu ya tanga ni noti 21 au 22. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo tanga lile lile limepata mzigo zaidi ya mara tatu kwa kugeuza usukani tu. Ndipo nyuzi za pindo zinapofumuka.

Kwa mashua ya mita 9 hadi 10, punguzeni mkunjo wa kwanza (kukunja sehemu ya chini ya tanga) upepo wa kweli ukifika noti 16, wa pili ukifika 22. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutolewa kwa kilomita kwa saa. Gawanya kwa 1.85. Wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, hiyo ni noti 21 na zaidi: mkunjo wa pili ufungwe mkiwa bado kwenye nanga, chai mkononi. Kuongeza tanga baharini ni rahisi kuliko kulipunguza.

Kazi yenyewe, kwa tanga lenye mikunjo ya kamba:

Anayeshika usukani ageuze hadi upepo uje kama nyuzi 60 kutoka omo, tanga la mbele likiwa bado limejaa ili chombo kisisimame na kuanza kuruka. Alegeze demani (kamba inayovuta tanga) ya tanga kuu kabisa, bumu (ile boriti ya chini ya tanga) lipeperuke huru. Aliye kwenye mlingoti alegeze henza (kamba ya kupandishia tanga) hadi kwenye alama, aikaze hapo. Alama ni muhimu: shoneni uzi mwekundu kwenye henza mahali panapofaa kwa mkunjo wa kwanza, na wa kijani kwa wa pili, ili gizani mkono ujue. Pete ya goshi (pembe ya chini ya mbele ya tanga) itiwe kwenye ndoana yake. Henza ikazwe tena hadi pindo la mbele la tanga lisimame wima bila mikunyanzi. Ndipo kamba ya mkunjo ya pembe ya nyuma ya tanga ivutwe kwa winchi hadi pete iguse bumu na chini ya tanga pawe bapa kama ubao. Demani ivutwe, chombo kirudi njiani. Mkijizoeza bandarini mara kumi, yote haichukui dakika tatu.

Linaloharibu matanga mengi ni hatua ile ya kuvuta kamba ya mkunjo ya nyuma. Kamba hiyo ikiachwa legevu, mzigo wote unahamia kwenye vile vikamba vidogo vya katikati, ambavyo kazi yake ni kushika nguo iliyobaki isipepee, si kubeba upepo. Tanga litachanika kutoka kwenye tundu hadi tundu. Na mkilifungua, anzeni na vikamba hivyo vidogo kwanza, vyote, kabla ya kugusa henza.

Mkikimbia na kusi mgongoni, kwa mfano Mkoani kwenda Tanga, fungeni kamba kutoka ncha ya bumu, ipite mbele hadi omo, irudi kwa mshika usukani. Wimbi moja la kutoka tezi (nyuma ya chombo) linatosha kukizungusha chombo, na bumu likivuka lenyewe kwa upepo wa noti 18 halimchagui liliyemkuta.

Kipupwe pwani kuna baridi ya kuhitaji koti kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ndiyo. Nyuzi 20 za alfajiri hazisemi kitu kwa mtu aliyelala ndani, ila aliyekaa saa tatu kwenye usukani, amelowa maji ya chumvi, upepo unampiga, hutetemeka na akili yake inakuwa nzito. Koti la mvua, sweta, kofia, chupa ya chai ya tangawizi. Zamu zisizidi saa tatu.

Tulitia nanga Kendwa saa 4 asubuhi, kina mita 4, mnyororo mita 20. Ilishika barabara. Saa 9 alasiri tukaanza kukokotwa kuelekea nje. Nanga ni ya kilo 15. Tununue nzito zaidi? (Mume na mke, Unguja)

Nanga yenu inatosha. Kilichopungua ni mnyororo, na hapo mlipoutia hesabu ilionekana nzuri kwa sababu mlifika maji yakiwa yamekupwa ya bamvua.

Saa 4 asubuhi mlikuwa na mita 4 za maji, ongezeni mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo: mita 5. Mnyororo wa mita 20 ni mara nne. Alasiri maji yalikuwa yamepanda karibu mita 3.5. Sasa ni mita 8.5, na mnyororo ule ule ni mara 2.4 tu, unaivuta nanga kwenda juu badala ya kuilaza. Na saa hizo hizo za alasiri ndizo kusi linapofikia ukali wake. Bamvua ya kipupwe huleta maji mengi na upepo mkali kwa wakati mmoja. Kwa kuwa Kendwa upepo unatoka nchi kavu, mlikokotwa kwenye kina kikubwa zaidi, na kila mita mliyokwenda hali ilizidi kuwa mbaya.

Hesabuni kwa maji yaliyojaa, si yaliyopo. Mita 8.5 mara 5 ni mita 42.5 za mnyororo. Kama mna mnyororo mfupi ulioungwa na kamba ya nailoni, hesabuni mara 7, yaani mita 60. Mnyororo wa milimita 8 una uzito wa kilo 1.4 kwa mita. Uzito huo ukilala chini ndio unaoifanya nanga ivutwe kwa ulalo. Mkishautoa wote, rudisheni nyuma taratibu hadi unyooke, kisha ongezeni injini hadi nusu ya nguvu kwa sekunde 30, huku mmoja akitazama mnazi na pembe ya nyumba nyuma yake. Vikiachana, nanga inateleza. Ing'oeni muanze upya. Mwisho fungeni kwenye mnyororo kamba ya nailoni ya milimita 12, urefu wa mita 6, ibebe mvuto badala ya winchi. Inanyumbuka, na usiku hamtasikia mnyororo ukiguguna.

Tieni nanga kwenye weupe wa mchanga tu. Nanga iliyotumbukia kwenye matumbawe hushika mpaka isiwezekane kung'oka, na mnyororo ukizunguka husaga matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Kwenye visiwa vya hifadhi, Chumbe hairuhusiwi kabisa, na Misali ulizeni walinzi mahali pa boya.

Kwa nini kila mwongozo unasema tusiingie kwenye mafungu asubuhi na mapema, wakati ndipo bahari imetulia? (Msomaji, Shimoni)

Kwa sababu hamtaona chini. Ramani nyingi za pwani hii zinatokana na vipimo vya zamani, kabla ya satelaiti, na chombo kilichochorwa kwenye kioo cha GPS kinaweza kuwa mita mia moja kutoka kilipo kweli. Kwenye bahari ya wazi si kitu. Kwenye mlango wenye upana wa mita mia mbili ndiyo tofauti ya kupita na kukwama.

Macho ndiyo rubani. Buluu nzito ni kilindi. Kijani ni mita 3 hadi 6. Kijani kilichopauka kinachoelekea weupe ni mchanga usiofika mita 2. Kahawia na madoa meusi ni mwamba au majani ya bahari, na usipoweza kutofautisha, chukulia ni mwamba. Rangi hizi hutoka jua likiwa juu na nyuma yako: mmoja asimame omo, miwani ya kuzuia mng'ao machoni, aonyeshe kwa mkono na si kwa kupiga kelele, maana upepo unakula maneno. Kubalianeni ishara nne kabla: kushoto, kulia, simama, rudi.

Bamvua inasaidia hapa. Maji yamekupwa saa 4 asubuhi, kwa hiyo kati ya saa 6 na saa 9 mchana mna jua juu na maji yanayopanda. Mkigusa, maji yatawainua ndani ya nusu saa. Mwingiaji wa maji mafu alasiri yuko kwenye maji yanayoshuka, akigusa, anakaa. Maji hayapandi sawasawa pia: katika saa sita hupanda kwa sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 za kumi na mbili. Kwa bamvua ya mita 3.6, saa ya kwanza mnapata sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne kila moja sentimita 90.

Injini yetu haina tatizo bandarini. Ila kila tukitoka nje na mawimbi, baada ya dakika 20 inapoteza nguvu na kuzima. Fundi amebadilisha vitu vingi bila mafanikio. (Msomaji, Tanga)

Tazameni tangi kabla ya injini. Uchafu na maji hutulia chini ya tangi mashua ikiwa imetulia. Mawimbi yakianza huvurugwa, hufika kwenye filta na kuiziba. Ndiyo maana hutokea mlangoni, mahali ambapo injini inahitajika kuliko kote.

Filta ya kwanza iwe na kikombe cha uwazi chini. Fungueni kijibomba chake kila siku kabla ya kuwasha. Maji hukaa chini ya dizeli na yataonekana kama tone zito linaloteleza. Dizeli ya madumu ipiteni kwenye kitambaa kizito au faneli yenye chujio, na msimimine robo ya mwisho ya dumu. Kabla ya kipupwe, toeni dizeli yote tangini, mlisugue tangi ndani.

Ikizima baharini: fungeni bomba la tangi. Badilisheni filta, mpya ijazeni dizeli safi kabla ya kuifunga, na mtazame pete ya mpira ya zamani isibaki imeganda juu, maana pete mbili huvuta hewa. Fungueni bomba la tangi. Legezeni skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya filta ya injini, pigeni pampu ya mkono hadi mapovu yaishe na dizeli itoke imenyooka, kazeni. Rudieni kwenye skrubu ya pampu kuu. Isipowaka, legezeni nati za mabomba kwenye nozeli nusu mzunguko, zungusheni kwa staata hadi dizeli iruke, kazeni. Msizungushe staata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja: injini inayopozwa kwa maji ya bahari isipowaka, pampu inaendelea kuingiza maji kwenye bomba la moshi na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Filta tatu za akiba, si moja. Tangi likiwa chafu, ya pili nayo itaziba.

Mume wangu akianguka majini, nitafanya nini peke yangu? Yeye ni mzito na mimi sijawahi kuongoza chombo mwenyewe. (Msomaji wa kike, Tanga)

Swali hili wanandoa wengi huliogopa, na linastahili kufanyiwa mazoezi kabla ya kung'oa nanga. Kwa mwendo wa noti 6 chombo hupita mita 185 kwa dakika, na kichwa cha mtu kati ya mawimbi ya kusi hupotea machoni haraka sana.

Kwa hiyo cha kwanza ni kusimama, si kwenda mbali na kugeuza. Mara tu anapoanguka tupa boya, bonyeza alama ya mahali kwenye GPS, kisha geuza usukani omo upite kwenye upepo bila kugusa demani ya tanga la mbele. Tanga hilo litajaa upepo kwa upande wa kinyume, litakisukuma chombo, na usukani ukifungwa kuelekea joshi chombo kitatulia karibu naye, kikisogea polepole. Hili unaweza kulifanya peke yako kwa sekunde kumi, na hata mtu asiyejua kuongoza anaweza kulijifunza kwa siku moja. Sasa piga mwito wa hatari kwenye redio, chaneli 16. Kabla ya kuwasha injini tazama pande zote kama kuna kamba iliyoanguka majini.

Mtupie kamba yenye kitanzi kikubwa, apitishe chini ya makwapa. Mwenye nguvu zote hawezi kumvuta mtu aliyelowa kwa mikono, kwa hiyo usijaribu: unganisha henza kwenye kitanzi na umnyanyue kwa winchi ya mlingoti, ubavuni. Kama winchi ni nzito kwako, weka mfumo wa makapi wenye kamba nne kati ya henza na kitanzi. Kilo 80 zitakuwa kama kilo 20 na kidogo mikononi. Ngazi ya tezi iache wakati wa mawimbi. Tezi hupanda na kushuka kwa nguvu na humwangukia aliye chini.

Fanyeni zoezi mkiwa kwenye nanga, yeye aingie majini kweli, wewe umtoe peke yako. Kisha baharini kwa boya. Na kila giza linapoingia, au mmoja akilala, aliye juu ajifunge mkanda wenye kamba isiyozidi mita 1.8, unaonaswa kwenye utepe uliotandikwa katikati ya sitaha, si pembeni. Mkojo wa usiku ukojolewe ndani.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaweza kukaa chini ya benchi la jikoni ndani ya mashua? (Msomaji, Pangani)

Hapana. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani. Hushuka kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo) na kukaa pale, na swichi ya pampu ya ngama inaweza kutoa cheche. Mtungi ukae nje, kwenye sanduku lenye tundu chini linalotoa hewa nje ya chombo. Fungeni koki ya mtungi kila baada ya kupika, mkiacha moto uishe wenyewe ili bomba libaki tupu. Kila wiki pakeni povu la sabuni kwenye maungio yote koki ikiwa wazi: povu likikua, kazeni au badilisheni bomba, na msiwashe kitu chochote cha umeme hadi mmefungua mifuniko yote na kuinua mbao za ngama kwa muda.